Kura ya Merz ya 1997 kuhusu mume kumbaka mkewe: ni kweli au ni uzushi, na naiangalia wapi?

BintiBusia

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, naishi Dortmund, na sheria mpya ya uraia ilipoanza Juni 2024 nikaweza kuchukua uraia wa Ujerumani bila kurudisha pasi yangu ya Kenya. Kwa hivyo uchaguzi wa bunge wa tarehe 23 Februari 2025 ndio mara yangu ya kwanza kupiga kura huku na nataka nipige nikijua ninachofanya.

Sasa kwa grupu yetu ya akina mama wa Kiafrika kuna picha inazunguka, uso wa Friedrich Merz, kiongozi wa chama cha wahafidhina cha CDU, na chini yake maneno ati mwaka 1997 alipiga kura ya kuruhusu waume kubaka wake zao. Nusu ya grupu inasema ni kweli tupu, nusu inasema ni propaganda ya uchaguzi, na kuna dada mmoja ameapa kwamba alisoma mahali kuwa Merz huyo huyo aliunga mkono sheria ya kuwaadhibu hao waume mwaka mmoja kabla. Kila mtu ana skrinshoti yake. Mimi skrinshoti sitaki. Nataka kujua kura yenyewe imeandikwa wapi niisome kwa macho yangu, na nielewe siku hiyo walikuwa wanapigia kura kitu gani hasa. Kijerumani changu kinanitosha kazini, niko wodi ya wazee hospitalini, lakini lugha ya bunge ni mlima mwingine.

Na msinijibu ati "wanasiasa wote ni sawa". Nimekulia mahali mwanamke akienda kwa wazee kusema mume wake anamlazimisha anaulizwa kwani si uliolewa, na hapo kesi imeisha. Kwangu hii ni kura ninayotaka kujua kama ninavyotaka kujua mtu atafanya nini na kodi yangu.

MzeeWaBandari

Dada BintiBusia umeuliza vizuri na jibu lipo, halijafichwa. Mimi niko Hamburg tangu miaka ya tisini, uraia wa hapa sina manake Tanzania yetu bado hairuhusu uraia pacha na mimi pasi yangu siirudishi, ila siasa za hapa nazifuatilia.

Kwanza kura yenyewe. Ilikuwa tarehe 15 Mei 1997, Bundestag, yaani bunge la Ujerumani, ilikuwa bado Bonn. Matokeo: ndiyo 470, hapana 138, waliojizuia 35. Merz yupo kwenye wale 138 wa hapana. Hilo halina ubishi, jina lake limechapishwa. Horst Seehofer naye yumo humo humo, na Volker Kauder, wengi wa waliosema hapana ni CDU na CSU, chama ndugu cha CDU huko Bavaria.

Pa kusoma: bunge lao linaweka kumbukumbu za vikao zote kwenye tovuti ya nyaraka zake, bure, hata usajili hautaki. Unatafuta Plenarprotokoll 13/175. Kumi na tatu ni bunge la kumi na tatu, 175 ni kikao cha 175. Inafunguka PDF ndefu, usiogope, we shuka mpaka uone maneno "Endgültiges Ergebnis", hapo kuna jumla ya kura halafu majina yote, kwanza waliosema Ja, kisha Nein, kisha Enthalten, na ndani ya kila fungu wamepangwa kwa vyama na kwa alfabeti. Usitegemee sana kile kisanduku cha kutafuta neno kwa sababu faili za zamani zimepigwa skani na herufi nyingine zimesomeka vibaya, soma kwa macho. Angalia jina la kwanza pia. Na jina ukilikosa kabisa usikimbilie kusema alijizuia, aliyejizuia anaandikwa kwenye fungu lake, ambaye hayupo popote hakupiga kura, na waliopewa ruhusa wana orodha yao mwishoni.

Zile tovuti za kufuatilia wabunge kama abgeordnetenwatch ni nzuri ila zimeanza 2004 kuja huku, kwa hiyo ya 1997 huko utaikosa na mtu anaweza kukwambia "mbona haipo, basi ni uongo". Ipo, ila ipo kwenye karatasi ya bunge.

Jambo jingine watu hawalijui, sio kila kura Bundestag ina majina. Nyingi wananyoosha mikono tu. Majina yanaandikwa pale chama au asilimia 5 ya wabunge wakidai, ndio kila mbunge anatumbukiza kadi yake, ya bluu ni ndiyo, nyekundu hapana, nyeupe kujizuia. Hii ya 1997 walidai majina na ndio maana leo tunaweza kumshika mtu kwa kura yake. Kama ile ya Januari 29, 2025 ya mambo ya wahamiaji, iliyopita 348 kwa 344, nayo ina majina na unaipata siku hiyo hiyo.

BintiBusia

Asante sana mzee wangu, shikamoo. Nimefungua nikiwa zamu ya usiku, nimeona mwenyewe, Friedrich Merz chini ya Nein. Sasa yule dada wa grupu na hadithi yake ya 1996, anaota ama?

Mkalimani_Köln

Haoti, na hapa ndipo hiyo picha inapopotosha na pia ndipo watetezi wa Merz wanapopotosha, kwa hiyo nisomeni taratibu maana nitaandika kirefu.

Mimi natafsiri Kiswahili na Kijerumani, polisi, mahakamani na kwenye nyumba za kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo, kwa hiyo hii sheria naikuta kazini.

Kabla ya 1997 sheria ya jinai ya Ujerumani kifungu cha 177 ilisema ubakaji ni kumlazimisha mwanamke kwa tendo la nje ya ndoa. Mume akimlazimisha mkewe haikuitwa ubakaji. Angeweza kushtakiwa kwa kumlazimisha mtu kwa nguvu au kwa kumjeruhi, makosa madogo zaidi, lile la kulazimisha kwa kawaida linaishia faini au miaka isiyozidi 3 wakati ubakaji ulianzia miaka 2 kwenda juu. Yaani mtu yule yule, kitendo kile kile, cheti cha ndoa kinashusha bei. Watu wanafikiri haya ni mambo ya karne ya kumi na tisa, hapana, ni mwaka 1997, mimi nilikuwa nimeshamaliza shule.

Sasa mwaka 1996. Vyama vya serikali ya Kansela Helmut Kohl vilileta muswada ambao ndiyo ulisema mume naye anaweza kuwa mbakaji, lakini ndani yake wakaweka kipengele kwamba kama ni mume na mke, mke anaweza kupinga kesi isiendelee na kesi inakufa. Hicho walikitetea kwamba kinalinda ndoa, kinawapa nafasi ya kupatana. Merz aliupigia muswada huo ndiyo. Bundestag ikaupitisha Mei 1996, ukafika kwenye baraza la majimbo, Bundesrat, ukakwama, kwa sababu kubwa ikiwa ni hicho hicho kipengele.

1997 wabunge wanawake wa vyama tofauti wakaungana, Ulla Schmidt wa chama cha SPD akiwa mmoja wa walioongoza, wakaleta muswada mpya bila hicho kipengele, na vyama vikawaachia wabunge wao wapige kwa dhamiri zao. Huo ndio uliopata 470. Na huo ndio Merz alioukataa. Sababu aliyoitoa baadaye ni hiyo, kwamba alitaka kipengele kibaki.

Kwa hiyo ile picha inayosema "aliruhusu waume wabake" inapitiliza, kwa sababu ushahidi wa 1996 upo kwamba alikubali mume aadhibiwe. Lakini ukiishia hapo na kusema "basi kasingiziwa" umeruka jambo lenye uzito kuliko yote, nalo ni kile kipengele chenyewe kingefanya nini kwa mwanamke wa kweli.

Fikirieni. Mwanamke ameenda polisi. Kueleza tu yaliyompata chumbani kwake mbele ya mtu asiyemjua imemchukua miaka. Anarudi nyumbani au kwa dada yake. Sasa mume anajua, wakwe wanajua, mchungaji anajua, wote wanajua kwamba kuna saini moja tu inayoweza kuifuta kesi na saini hiyo ni yake. Mnadhani usiku huo atalala? Simu zitaita. Mama mkwe atapanda ndege. Ataambiwa watoto watakosa baba, ataambiwa nani atalipa kodi ya nyumba, ataambiwa kwetu mambo haya tunayamaliza ndani. Na yule aliyembaka anaweza kumlazimisha tena, safari hii kusaini. Nimekaa kwenye vyumba ambavyo mwanamke anabadilisha maelezo yake huku macho yake yako kwenye simu iliyo mezani, na hiyo ni leo, sheria ikiwa upande wake. Sheria ambayo ingeweka uamuzi wote mabegani mwake ingempa mume kitu cha kumshinikizia. Wabunge wanawake walilisema hilo waziwazi bungeni wakati ule, kwa hiyo aliyepiga hapana Mei 15 alikuwa ameshalisikia.

Ndio maana mimi nikiulizwa na wateja wangu sisemi Merz alitaka ubakaji uhalalishwe. Nasema alipopewa sheria inayomlinda mke sawasawa na mwanamke mwingine yeyote, akasema hapana. Inatosha kwa uzito wake, haihitaji kuongezwa chumvi.

Mkuu_wa_Kaya

Mimi naomba niseme tofauti na msinirukie. Hiyo kura ina karibu miaka 28. Enzi hizo kila mtu alikuwa anafikiri hivyo, hata huko Ulaya, hata kwetu. Kumhukumu mtu leo kwa kura ya zama zile si haki. Na tena mambo ya mke na mume serikali ikiingia mpaka kitandani nyumba zitavunjika, tuwe wakweli. Mtu ametoa mahari, ameoa kihalali, halafu ahesabiwe sawa na jambazi wa barabarani?

MzeeWaBandari

Kaka hatukurukii, ila hesabu inakukataa. Unasema kila mtu alifikiri hivyo. Chukua uchaguzi wa 1994, vyama vilivyo nje ya CDU na CSU: SPD viti 252, Kijani 49, FDP 47, PDS 30. Jumlisha, 378. Hata kama wote hao walikuwepo na wote walisema ndiyo, bado 470 haifiki, zinabaki 92 na hizo haziwezi kutoka kwingine isipokuwa CDU na CSU. Yaani watu wasiopungua 92 wa kambi yake mwenyewe, wahafidhina kama yeye, wakristo kama yeye, siku ile ile, ukumbi ule ule, walisema ndiyo. Sasa hizo "enzi hizo" ziliwapita vipi hao?

Na jambo halikuwa geni. Mwaka 1983 Waltraud Schoppe wa chama cha Kijani alisimama Bundestag akadai ubakaji ndani ya ndoa uadhibiwe, wanaume wakamcheka ukumbini, kicheko kimeandikwa kwenye kumbukumbu za bunge. Kutoka 1983 mpaka 1997 ni miaka 14 ya kulifikiria jambo hilo.

Kuhusu kumhukumu mtu kwa kura ya zamani, hapo nakubali kwamba binadamu anabadilika. Ndio maana ukishasoma kura tafuta pia mwenyewe amesema nini tangu hapo, kwa mdomo wake, kwenye mahojiano kamili, sio kipande cha klipu. Mkimlinganisha na wengine mpimeni kwa kipimo kimoja. Na msimsingizie kura ambazo hakuwepo, nimeona watu wanamtaja kwenye ile sheria ya Julai 2016 ya "hapana ni hapana", wakati yeye alitoka bungeni 2009 akarudi 2021, ya 2016 haimhusu kwa uzuri wala kwa ubaya.

Mkalimani_Köln

@Mkuu_wa_Kaya mahari haikununua mwili wa mtu kaka yangu. Bibi yangu Tanga alitolewa mahari na babu, na babu hakuwahi kumlazimisha, na hakuhitaji kifungu cha sheria kumfundisha. Wale wanaohitaji sheria ni wengine na wake zao ndio nawakalimania. Na hiyo nyumba unayoogopa ivunjike, kwa mwanamke anayebakwa ndani yake ilikuwa imeshavunjika.

WakiliMdogo_Moshi

Wadau hii mada nimeipenda ila naona tunamwangalia Mjerumani tu, hebu tugeuke nyumbani kidogo.

Tanzania tuna SOSPA ya 1998, ile sheria ya makosa ya kujamiiana, ilibadilisha Kanuni ya Adhabu. Nenda kifungu cha 130, ndogo ya 2, aya ya a. Utakuta kosa la ubakaji linamhusu mwanamke ambaye si mke wake, au mke wake ambaye wametengana. Kwa hiyo mke anayeishi na mumewe, hajatengana naye, hayumo kwenye aya hiyo. Sheria ile ilikuwa kali kwa mengi, kifungo cha miaka 30 kikawekwa, watu tukaisifu na ilistahili, lakini huyo mke waliyemwacha nje yuko nje mpaka leo naandika.

Sasa jaribu kufanya alichofanya dada BintiBusia. Jaribu kutafuta mbunge wako wa 1998 alipiga kura gani kwenye aya hiyo. Utapata Hansard, yaani kumbukumbu za bunge, tena yetu ni ya Kiswahili, raha kusoma. Utaona nani alichangia, alisema nini, nani alishangiliwa. Lakini kura? Spika anawahoji, wanaoafiki waseme ndiyo, ndiyooo, wasioafiki waseme siyo, waliosema ndiyo wameshinda. Basi. Hakuna jina. Kuitwa majina moja moja tunakuona kwenye bajeti. Mbunge anaweza kuja kijijini kwako akasema alikupigania kule Dodoma na huna namna ya kumwambia si kweli.

Hilo linaniuma kuliko ya Merz, nasema wazi. Merz ana kura mbaya lakini imeandikwa, na binti wa Busia anaisoma miaka karibu 28 baadaye akiwa zamu ya usiku.

Akinyi_Nairobi

Kwetu Kenya ni hivyo hivyo, na mimi hii hadithi naijua kwa sababu nilikuwa nje ya bunge 2006 na akina mama wengine tukiimba.

Sexual Offences Act ya 2006 ililetwa na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Wabunge wanawake walikuwa 18 tu ndani ya bunge la watu zaidi ya 220. Muswada wa kwanza ulikuwa unagusa ubakaji ndani ya ndoa. Ukaambiwa hautapita. Kwenye mjadala wa Aprili mheshimiwa mmoja akasema maneno ya kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana anamaanisha ndiyo, wabunge wanawake wakainuka wakatoka nje. Mwishowe ili mengine yapite wakakubali hilo liondolewe, na ndiyo maana ukienda kifungu cha 43 ndogo ya 5 unakuta hakiwahusu watu waliooana kihalali. Mstari mmoja. Sisi tulilia siku hiyo, wengine kwa furaha sababu sheria imepita na wengine kwa huo mstari.

2015 ikaja sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, hiyo inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, unaweza kwenda kortini upewe amri ya kumzuia mume asikukaribie. Ni msaada, lakini si sawa na kumshtaki kwa ubakaji.

Kuhusu kura, Hansard ipo kwa tovuti ya bunge na watu wa Mzalendo, wanaofuatilia bunge, nao wamejitahidi sana kuonyesha nani anaongea na nani ananyamaza. Lakini kura nyingi ni za sauti, ndio na la, mpaka wabunge wadai wahesabiwe. Kwa hivyo mkitaka kumpima mbunge wa 2006 msitafute kura, tafuteni hotuba. Someni alichosema neno kwa neno. Na kama alikuwa ndani ya ukumbi wiki hizo zote na hakusema kitu, andikeni hivyo hivyo, hakusema kitu, msimwekee maneno ya kheri wala ya shari.

Na siku hizi tuna Katiba ya 2010, mnaweza kuuliza wanaogombea 2027 kabla hawajachaguliwa: huo mstari wa 43(5) utaufuta au hutaufuta? Jibu lirekodiwe kwa simu, tarehe na mahali.

umuhoza

Nyinyi majirani, Rwanda kosa hilo liko kwenye sheria tangu 2008. Ndoa zetu hazijaisha 😊 watu bado wanaoana kila Jumamosi.

Kijana_wa_Leicester

Nami niongeze kwa walioko huku Uingereza msije mkapoteza muda, hapa ukitafuta mbunge alipiga kura gani kuondoa kinga ya mume hutaipata, sababu waliiondoa majaji kwanza, kesi ya R v R Oktoba 1991, bunge likaja kuiandika kwenye sheria 1994. Kabla hujatafuta kura, uliza kwanza nani alibadilisha sheria nchi hiyo, bunge au mahakama.

BintiBusia

Nimewasoma wote na nimerudia mara mbili ya dada Mkalimani. Nimeenda na kwenye kumbukumbu za Mei 1996, Merz yupo upande wa ndiyo kama ulivyosema. Nimeandika kwa grupu hivi, niambieni kama kuna kitu kimekosewa: "Mwaka 1996 alikubali mume aadhibiwe ikiwa mke anaweza kuisimamisha kesi. Mwaka 1997 ilipokuja sheria bila hicho kipengele akakataa. Ilipita 470 kwa 138. Someni wenyewe, 13/175." Nimeondoa ile picha, aliyeileta amekasirika kidogo lakini ameelewa.

Mimi mwenyewe nimeshaamua kura yangu na haiendi kwake. Lakini kuna mama kwa grupu amenijibu pembeni, si kwa siasa. Ameuliza: kwa hivyo leo hii mwanamke akishtaki halafu akabadilisha mawazo, kesi inaendelea ama inaisha? Na kama amekuja huku kwa visa ya mume, akimshtaki anarudishwa nyumbani? Sikujua cha kumwambia. Dada Mkalimani tafadhali.

Mkalimani_Köln

Mwambie hivi, na mwambie leo.

Kesi ya ubakaji siku hizi ni ya serikali. Polisi wakishajua, mwendesha mashtaka ndiye anaamua, mke hana tena karatasi ya kuifuta, kwa hiyo mume au wakwe wakimshinikiza "nenda ukaitoe" anaweza kuwajibu kwa ukweli kwamba haiwezi kutolewa na yeye. Ila sheria pia inampa mke haki ya kukataa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, na akikataa kesi inaweza kudhoofika sana kwa kukosa ushahidi. Hiyo ni haki yake, asilazimishwe na upande wowote, lakini aijue kabla hajaingia kituoni, na aombe mkalimani, asikubali mume au mtoto wake atafsiri.

Kuhusu visa. Kwa kawaida mke anapata kibali chake mwenyewe baada ya miaka 3 ya ndoa hapa Ujerumani. Lakini kifungu cha 31 cha sheria ya ukaaji kina nafasi kwa mwanamke anayefanyiwa ukatili nyumbani, hahitaji kusubiri hiyo miaka 3. Wanaume wengi wanawaambia wake zao "ukiniacha unapanda ndege kesho". Si kweli. Ila anahitaji ushahidi: barua ya daktari, ripoti ya polisi, barua ya nyumba ya hifadhi, ujumbe wa simu usifutwe.

Akiwa hataki polisi bado, apige 116 016, ni bure, saa 24, haionekani kwenye bili, si lazima ataje jina, na wana wakalimani wa lugha kadhaa. Kama Kiingereza au Kifaransa anakiweza aanze nacho. Kama anaogopa kupiga akiwa nyumbani apige akiwa kazini. Na daktari wa wanawake au hospitali kubwa anaweza kuwaomba wahifadhi vipimo vya ushahidi bila yeye kwenda polisi kwanza, wengi hawajui hilo na siku mbili tatu zikipita vipimo vinapotea.

Akikubali, nitumie ujumbe wa ndani, usitaje jina lake hapa.